Somo la Afya: Ini, Pombe na Mwako



Juma la pili baada ya Pasaka ya mwaka huu tulimzika mwalimu mwenzangu, ambaye nilifundisha pamoja naye katika chuo cha ualimu kwa muda wa miaka kumi na sita. Jina lake sitalitaja, ingawa wengi wenu mlikuwapo kaburini. Nami nilikaa matangani pamoja na wazee wenzangu, na maneno niliyoyasikia pale mkekani ndiyo yaliyonifanya nimwombe Padri nafasi katika gazeti letu.

Ilisemwa hivi. Marehemu alikunywa tembo la mnazi, boha, bia, na mara nyingine gongo, kwa muda wa miaka thelathini, asiugue hata kichwa. Mwaka huu akanuia kufunga Kwaresima kwa kuacha pombe kabisa. Jumatano ya Majivu akaweka glasi chini. Kabla ya Jumapili ya Matawi macho yake yalikuwa ya manjano kama binzari na tumbo limejaa. Baada ya Pasaka akafa. "Ini lake lilikuwa limezoea," akasema mzee mmoja, "ukilinyima ghafula linakasirika." Mwingine akasema kuna mkono wa mtu. Vijana wawili ambao nao walikuwa wameacha pombe tangu Kwaresima wakatazamana, na jioni ile ile niliwaona wakishika njia ya kilabuni.

Mimi si daktari. Nilifundisha Elimu ya Viumbe kwa wanachuo waliokwenda kufundisha shule za msingi, na mwalimu wa namna hiyo hujua kidogo katika mambo mengi. Lakini niliporudi nyumbani nilifungua vitabu, kisha nikamwendea daktari mmoja kijana, ambaye baba yake alikuwa mwanafunzi wangu, naye akanipa makala za kusoma. Haya niandikayo ni mavuno ya kusoma huko. Someni polepole. Si mambo magumu, ila yana hatua, na kila hatua imesimama juu ya ile iliyotangulia.

Kazi ya ini

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. La mtu mzima huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Akina mama mnaopasua kuku mnalijua lilivyo: la rangi ya kahawia iliyoiva, laini, linateleza mkononi. Kila dakika hupitiwa na damu ipatayo lita moja na nusu. Jambo la kushika hapa, maana nitalirudia, ni kwamba karibu robo tatu ya damu hiyo hailifikii moja kwa moja kutoka moyoni. Hutoka kwenye tumbo na matumbo kwa njia ya mshipa mmoja mkubwa uitwao vena ya portali. Karibu kila ulacho na unywacho, kikishapenya ukuta wa utumbo, hupelekwa kwanza kwa ini, kama mgeni aingiaye kijijini apelekwavyo kwanza kwa balozi wa nyumba kumi.

Kileo ni mgeni asiye na chumba cha kulala. Mwili hauna ghala la kukiweka, kwa hiyo ini halina budi kukivunja mara moja. Vimeng'enya vyake hukigeuza kwanza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu kali kuliko kileo chenyewe, halafu huigeuza sumu hiyo kuwa asetati isiyo na madhara. Mtu akinywa kidogo, hatua ya pili huifuata ya kwanza bila kuchelewa. Akinywa sana, asetaldehaidi hurundikana na kujishika kwenye protini za chembe za ini. Zaidi ya hayo, mnywaji wa kila siku hufunguliwa njia nyingine ya uvunjaji, nayo hutoa aina kali za oksijeni ambazo hushambulia mafuta na protini za chembe kama kutu ishambuliavyo bati.

Tufanye hesabu kidogo. Mwalimu hawezi kujizuia. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Kila mililita moja ya kileo ina uzito wa gramu 0.79, basi chupa moja ina gramu 20 hivi. Ini la kawaida huvunja gramu 7 hadi 10 kwa saa. Anayemaliza chupa nne saa nne usiku ana gramu 80 za kuvunjwa, na kazi hiyo huchukua saa nane au hata kumi na moja. Yaani wakati yeye amekwisha kwenda kazini asubuhi, ini lake huenda bado liko zamu ya usiku. Na gongo? Nguvu yake haina kipimo, kila mpishi na mtambo wake, lakini tuseme ni asilimia 40. Glasi moja ya robo lita basi ni gramu 79, karibu sawa na chupa nne zile. Wale wasemao, "Mimi nanywa glasi moja tu," wapige hesabu hii kabla ya kuendelea.

Mafuta, halafu nini?

Jambo la kwanza kuonekana katika ini la mnywaji ni mafuta. Wanywaji wazito tisa katika kumi hivi wana ini lenye mafuta, wala hawajui, kwa kuwa ndani ya ini hakuna mishipa ya fahamu ya kusikia maumivu. Kinachouma ni ngozi yake ya nje tu inapovutwa na uvimbe. Hali hii ya mafuta inarudi nyuma. Mtu akiacha pombe, baada ya majuma machache mafuta hayo aghalabu huondoka.

Hapo ndipo linapozuka lile swali ambalo hata mimi lilinisumbua siku nyingi: kama wote wana mafuta, mbona si wote wanaokufa? Mbona mzee fulani amekunywa miaka arobaini na bado anapanda mnazi? Wanaofikia kovu la ini ni wachache, mmoja au wawili katika kila wanywaji wazito kumi. Zamani wataalamu walidhani kwamba kileo huliunguza ini kama tindikali iunguzavyo kitambaa, basi. Leo wanaona kwamba sehemu kubwa ya maangamizi haifanywi na kileo chenyewe, bali na askari wa mwili wenyewe walioitwa kupambana. Kuitwa kwao ndiko ninakokuita mwako.

Mwako ninaosema mnaujua. Mwiba ukikuchoma kidoleni, kesho yake kidole huwa chekundu, huvimba, hupata joto, huuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mrumi mmoja, Celsus, katika karne ya kwanza, na baadaye waganga wakaongeza ya tano: kiungo hushindwa kufanya kazi yake. Mwako wenyewe si ugonjwa. Ni ulinzi. Damu huongezeka mahali pale, chembe nyeupe hutoka mishipani, huwameza vijidudu na kusafisha uchafu, halafu moto huzimwa na kidole hupona. Taabu huanza moto usipozimwa.

Ukuta unaovuja

Sasa rudini kwenye ile vena ya portali. Ndani ya utumbo wetu mna bakteria ambao hesabu yao huizidi hesabu ya watu wote duniani maelfu ya mara. Wengi hawatudhuru, maadamu wanakaa upande wao wa ukuta. Ukuta wenyewe ni safu moja tu ya chembe, zimeshikana ubavu kwa ubavu kama matofali yaliyofungwa kwa udongo. Kileo na ile asetaldehaidi hulegeza udongo huo. Pia unywaji wa siku nyingi hubadili aina za bakteria wenyewe, wale wabaya wakazidi.

Ukuta ukilegea, vipande vya ngozi za bakteria hupenya. Kipande kimoja hasa huitwa endotoksini. Hata bakteria akiwa amekufa, kipande hicho mwilini ni kama mbiu ya mgambo. Nacho huingia wapi? Katika vena ya portali, moja kwa moja mpaka katika ini.

Ndani ya mishipa midogo ya ini wameketi walinzi waitwao chembe za Kupffer. Kazi yao ni kumeza takataka zote zitokazo matumboni, na siku zote hufanya hivyo kimya kimya. Lakini endotoksini ikija kwa wingi na kila siku, walinzi hawa hupandwa na hasira. Wana kama kitasa juu ya ngozi yao ambacho endotoksini hukifungua. Ugunduzi wa kitasa hicho, uliotangazwa mwaka 1998, ndio uliompatia Mmarekani Bruce Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011. Kitasa kikifunguliwa, walinzi hutoa kemikali za kupiga kelele, ziitwazo saitokini. Baadhi ya kelele hizo huita chembe nyeupe kutoka damuni. Hizo huja kwa makundi, zikiwa na silaha zilizokusudiwa kuua bakteria. Lakini katika ini hazimkuti bakteria aliye hai wa kupigana naye. Hukuta chembe za ini zilizojaa mafuta, zilizochoka, zenye protini zilizoharibiwa na asetaldehaidi hata hazitambulikani kuwa za nyumbani. Basi zinapigwa hizo. Mwenye nyumba ameitia moto nyumba yake kwa ajili ya panya, na panya mwenyewe yuko ng'ambo ya ukuta.

Tena chembe ya ini ikifa vibaya, hupasuka, na vilivyomo ndani yake humwagika nje. Mwili huviona navyo kuwa dalili ya hatari, ukaita askari zaidi. Askari zaidi huua chembe zaidi. Mwako sasa unajichochea wenyewe.

Shikeni sana sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo jibu la matangani.

Kwaresima ya marehemu

Siku ya arobaini nilizungumza na mjane. Nilimwuliza kwa upole, nikaja kujua mambo ambayo hayakusemwa mkekani. Tangu Krismasi mumewe alikuwa hali vizuri. Nyama ilimchukiza. Mkojo wake mwezi wa pili ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Alisikia homa za jioni, akanunua dawa ya malaria dukani mara mbili bila kupimwa. Naye alimwambia mkewe kabla ya Jumatano ya Majivu, "Hata tembo siku hizi halina ladha."

Kwa hiyo hakuugua kwa sababu aliacha. Aliacha, kwa sehemu, kwa sababu alikwisha kuugua. Moto ulikuwa umewaka miezi kadhaa, nao ulipofika Kwaresima haukuhitaji tena kuni za pombe ili uendelee. Waganga wanaujua ugonjwa huu vizuri: ini huwaka ghafula kwa mtu aliyekunywa sana miaka mingi, macho hugeuka manjano, tumbo huuma upande wa kulia, homa hupanda ingawa damu haina malaria. Wanapouchunguza hawaulizi tu kama mgonjwa anakunywa leo. Humhesabu pia yule aliyeacha ndani ya siku 60 zilizopita. Kwaresima, pamoja na Jumapili zake, ni siku 46. Hata walioacha na ambao watapona, umanjano huweza kuzidi katika majuma ya kwanza kabla haujaanza kupungua.

Basi yule mzee aliyesema ini lilikasirika kwa kunyimwa alikuwa ameona mfuatano sahihi wa siku, akakosea sababu. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza. Hakuna asemaye jogoo ndiye aliyelivuta. Ninalotaka vijana wale wawili walijue ni hili: kwa ini lililowaka, kuacha ndilo jambo linaloamua zaidi kuliko dawa yoyote nani atakuwa hai baada ya miaka mitano. Kurudi kilabuni ni kuirudisha endotoksini kila usiku.

Kovu

Moto ukidumu, hutokea jambo jingine. Kando ya mishipa midogo ya ini ziko chembe zenye umbo la nyota, ambazo katika siku za amani kazi yake ni kuhifadhi vitamini A. Zikisikia kelele za mwako hubadilika tabia, zikaacha ghala na kuanza kufuma nyuzi ngumu za kolajeni, zile zile zifanyazo kovu la jeraha. Nyuzi chache si neno. Miaka kumi ya nyuzi hulifunga ini vifundo vifundo, likawa gumu, limesinyaa. Daktari Mfaransa Laennec, yule aliyebuni kile chombo cha kusikilizia kifua, ndiye aliyeipa hali hii jina la sirosisi mwaka 1819, kwa neno la Kigiriki linalotaja rangi ya manjano iliyofifia aliyoiona katika ini la maiti.

Hapa niwape kisa kidogo cha walimu. Chembe za nyota ziliandikwa kwanza na Mjerumani von Kupffer mwaka 1876. Baadaye alizichanganya na wale walinzi wanaomeza takataka, akadhani ni kitu kimoja, na dunia ikamfuata. Mjapani Kenjiro Wake ndiye aliyelitengeneza jambo hilo mwaka 1971, karibu karne nzima baadaye. Ndiyo maana hata leo walinzi wana jina la Kupffer, ingawa alichokiona kwanza kilikuwa zile nyota. Nilikuwa nikiwaambia wanachuo wangu kosa la mtu mkubwa huishi maisha marefu.

Ini likisha kuwa gumu, damu ya portali hukosa njia. Hurudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula, ambayo huweza kupasuka mtu akatapika damu. Maji hujaa tumboni. Takataka ambazo ini lilipaswa kuzisafisha hupanda kichwani, mtu akachanganyikiwa, akalala mchana na kukesha usiku. Hizo si dalili za kurogwa. Lakini pia tusiwe wepesi kumhukumu kila mwenye tumbo kubwa kuwa mlevi. Virusi vya hepatitisi B na C hufanya makovu yale yale, na kwenye Kanda ya Ziwa kichocho cha matumbo huvimbisha ini na wengu kwa watu ambao hawajawahi kuonja hata togwa iliyochachuka. Nimeona mama mmoja akisengenywa namna hiyo mpaka anakufa.

Kwa nini huyu na si yule? Kiasi na miaka ya kunywa huhesabiwa kwanza. Mwanamke huumia kwa kiasi kidogo kuliko mwanamume, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kukizimua kileo. Unene huongeza mafuta juu ya mafuta. Mwenye hepatitisi B anayekunywa ana mioto miwili katika jiko moja, na watu wazima wengi hapa kwetu hawajui kama wanayo, maana chanjo ya watoto wachanga ilianza nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu. Tena kuna urithi wa damu. Yule mzee wa miaka arobaini huenda alizaliwa na bahati hiyo, lakini hakuna awezaye kuijua bahati yake kabla ya kuijaribu, na majaribio hayo hayarudiwi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na msiniletee Timotheo na tumbo lake. Aliyeandikiwa waraka ule alikuwa mnywaji wa maji.

Kwa nini moto hauzimwi kwa dawa?

Mtauliza: kama adui ni mwako, si upo ujuzi wa kuuzima? Waganga walifikiri vivyo hivyo. Walijua kelele moja kubwa ya wale walinzi, saitokini iitwayo TNF, na walikuwa na dawa za kuinyamazisha ambazo tayari zilisaidia wagonjwa wa viungo. Huko Ufaransa wakaijaribu moja pamoja na prednisoloni kwa wagonjwa wa ini. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yakatangazwa mwaka 2004: waliopewa dawa hiyo walipata maambukizo mabaya zaidi. Marekani walijaribu nyingine ya jamii hiyo, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba baada ya miezi sita waliokufa walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa dawa. Kumbe kelele ile ile inayoliunguza ini ndiyo pia inayolinda mwili usiliwe na bakteria, na tena husaidia ini kuota upya. Ukimfunga mlinzi kinywa kwa sababu anapiga kelele bure, usiku mwizi wa kweli akija hatapiga kelele.

Imebaki prednisoloni, miligramu 40 kila siku kwa siku 28, kwa wale walio hoi na ambao hawana maambukizo. Jaribio kubwa la Uingereza, la wagonjwa zaidi ya 1,000, lilitoa majibu mwaka 2015. Katika siku 28 walikufa asilimia 14 ya waliopewa dawa, na asilimia 17 ya wasiopewa, tofauti ndogo ambayo wataalamu hawakuweza kuiapia. Baada ya mwaka hapakuwa na tofauti yoyote. Na kwetu sisi, ambako kifua kikuu kingalipo, dawa hii si ya kununua dukani kwa ushauri wa jirani. Huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala.

Kosa langu

Sasa nikiri jambo. Katika juma la pili la ugonjwa wa marehemu nilikwenda kumtazama, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikatoa shauri bila kuulizwa. Nilimwambia mkewe asimpe maharage, mayai, samaki wala nyama, kwa kuwa "ini haliwezi." Ampe uji mwepesi na glukosi tu. Ndivyo nilivyofundishwa, nami ndivyo nilivyofundisha wengine.

Ni kinyume. Mgonjwa wa namna hii amekwisha kukonda misuli, na mwako unamla akiwa kitandani. Shauri la leo ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kila siku. Mtu wa kilo 60 basi anahitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15 hivi, kwa hiyo mwone jinsi uji wangu mtupu ulivyokuwa mbali na shabaha. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na apate kitu kabla ya kulala, ili usiku usiwe mfungo mrefu. Chumvi ipunguzwe kama tumbo lina maji. Mjane nilimweleza hayo siku ile ya arobaini. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, hata angepewa hakuwa na hamu." Alisema hivyo kwa ajili yangu.

Dawa za maumivu nazo zina hatari. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo za mgonjwa wa ini. Parasetamoli, kwa mnywaji, hufuata ile njia ya pili ya uvunjaji niliyoitaja, ikageuka sumu kwa wepesi kuliko kwa mtu mwingine. Apewe kwa kipimo cha mganga tu. Mizizi na majani ya kuchemsha "kusafisha ini" ningeomba yaachwe. Ini ndilo litakalopewa kazi ya kuyasafisha hayo.

Namna ya kuacha

Liko jambo moja ambalo wale wazee wa mkekani walikuwa karibu nalo bila kujua. Kuacha ghafula hakuliumizi ini, lakini kwaweza kuudhuru ubongo. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku, na ambaye asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza, asijifungie chumbani kuacha peke yake. Katika siku mbili za kwanza aweza kupata degedege. Siku ya tatu au ya nne aweza kuona vitu visivyopo, jasho likamtoka, na wengine hufa hivyo. Hospitali zina dawa ya kumvusha siku hizo, na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Anayekunywa chupa mbili Jumamosi hahitaji hayo. Aliye katikati aulize.

Muuguzi wa kituo cha afya ataangalia macho, ataminya chini ya mbavu, atapima damu, na akiona haja atampeleka hospitali ya wilaya apigwe picha ya mawimbi ya sauti. Aombe pia kipimo cha hepatitisi B. Asiyekuwa nayo aweza kuchanjwa hata akiwa mtu mzima. Umanjano wa macho, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kuchanganyikiwa, hayo hayangoji kesho.

Kijana mmoja kati ya wale wawili alinijia juma lililopita baada ya ibada, nasi tukaenda pamoja kituoni siku ya Jumanne. Macho yake ni meupe, na majibu ya damu tutayafuata Ijumaa. Mwenzake sijamwona. Kama ndiwe usomaye, nyumba yangu unaijua, ile yenye mwembe nyuma ya shule ya msingi, na kila siku jioni nipo.